Kantangaze, Nondo Mdogo wa Nyanya

Somo letu la leo linahusu mdudu mdogo sana. Urefu wake ni milimita 5 hadi 7 tu, karibu sawa na punje ya mchele. Rangi yake ni ya kijivu yenye madoa meusi. Wakulima wa nyanya wa nchi yetu wamempa jina la kantangaze. Jina hilo linajieleza lenyewe: nenda kanitangaze. Maana akiingia shambani kwako, haichukui muda kijiji kizima kitajua.

Sisi watu wa Mikese tuna sababu ya kumfahamu. Tupo kando ya barabara kuu. Malori yenye matenga ya nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, hupita hapa kwenda Dar es Salaam. Kantangaze naye hupenda kusafiri hivyo hivyo, ndani ya matunda na ndani ya matenga. Tenga likirudi shambani bila kuoshwa, huenda limerudi na mgeni.

Je, ni mdudu wa namna gani? Kantangaze ni nondo, na nondo ni ndugu wa kipepeo. Ukimshika kipepeo, vidole vyako hubaki na kitu kama vumbi. Lile si vumbi. Ni magamba madogo mno, yamepangwa juu ya bawa kama magamba ya samaki. Wadudu wote wenye mabawa ya magamba wamewekwa na wataalamu katika kundi moja. Ndani ya kundi hilo mna koo nyingi. Jambo hili halitawapa shida Waluguru, ambao tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama na kujua nani ni nani. Katika ukoo wa kantangaze yumo nondo anayetoboa viazi mviringo. Yumo pia yule nondo mdogo anayetoboa mahindi na mtama ghalani. Kumbe tulikuwa na ndugu zake nyumbani siku nyingi!

Mtu wa kwanza kumwandika kitabuni alikuwa Mwingereza, Edward Meyrick. Kazi yake ilikuwa ualimu wa shule, lakini alipenda nondo kupita kiasi, akawapa majina maelfu na maelfu yao. Mwaka 1917 alimweleza mdudu wetu huyu, ambaye alikamatwa Huancayo, katika milima ya nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Tangu hapo wataalamu wamembadilishia jina mara kadhaa. Mwaka 1994 aliitwa Tuta absoluta. Mwaka 2021 alirudishwa katika jamii ya yule nondo wa viazi, akaitwa Phthorimaea absoluta. Mdudu mwenyewe hana habari na hayo yote. Lakini wewe ukiyaona majina hayo mawili kwenye chupa za dawa, usidhani ni wadudu wawili. Ni yule yule.

Nyanya nayo asili yake ni Amerika. Watu wa Ulaya waliisambaza duniani miaka mamia iliyopita, na adui yake akabaki kwao. Kuanzia miaka ya 1960 akaanza kuenea katika nchi za Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 akaonekana Hispania. Akavuka bahari hadi Afrika ya Kaskazini, akashuka Sudani na Ethiopia, akafika Kenya, na mwaka 2014 akaonekana kwetu mkoani Arusha. Kutoka Hispania hadi Arusha ni miaka 8 tu! Hakuruka kwa mabawa yake safari yote hiyo. Watu na biashara zao ndio waliombeba. Na wale wadudu wanaomla huko kwao hawakuja naye.

Sasa tuangalie maisha yake. Mchana hujificha katikati ya majani, usiku huruka. Jike hutaga mayai madogo kwenye majani na mashina machanga. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kiwavi hutoboa jani akaingia ndani. Hukaa katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kama mtu aliyelala kati ya mikeka miwili, akila nyama ya jani. Akishiba hushuka udongoni, hutulia bila kula, na baadaye hutoka akiwa nondo. Penye joto kama kwetu Mikese safari hiyo huchukua siku kama 24. Penye baridi, kama Mgeta juu milimani, huchukua muda mrefu zaidi. Baridi ikifika nyuzi 14 ni zaidi ya miezi miwili.

Tufanye hesabu. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Tuseme nusu ni majike, yaani 130. Kila mmoja akitaga 260 tunapata 33,800. Ni kweli wengi hufa kabla ya kukua. Lakini ndiyo maana shamba lisilotunzwa huweza kupotea lote.

Wengi wetu hukimbilia sumu. Lakini kiwavi yumo ndani ya jani, sumu nyingi humpita juu. Wachache wanaostahimili ndio wanaozaa, na watoto wao huzaliwa wagumu kama wao. Huko Amerika ya Kusini dawa kadhaa zimeshindwa kwa njia hiyo hiyo. Halafu wapo wanaochanganya dawa tatu katika bomba moja, wakanyunyiza leo na kuchuma kesho. Hapo anayelishwa sumu ni mtoto wa mlaji, na yule buibui au kidudu aliyekuwa akila mayai ya kantangaze amekufa bure.

Muulizeni Bwana Shamba juu ya dawa za makundi tofauti za kupokezana, na juu ya chambo cha harufu. Chambo hicho huwekwa juu ya beseni la maji ya sabuni; madume huifuata harufu na kuzama. Miche ilelewe ndani ya chandarua. Nyanya zenye matundu zisitupwe pembeni mwa shamba: zitieni katika mfuko wa plastiki, mfunge kabisa, mwanike juani. Ng'oeni mnavu, maana humo pia anaishi, kama anavyoishi katika bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo. Baada ya nyanya pandeni mahindi, ambayo hayamfai.

Kwa zoezi la wiki hii, nenda shambani asubuhi na uchume jani lenye doa jeupe. Liinue juani. Ukiona mstari mwembamba unaopindapinda kama njia ya mlimani, huyo ni mtoto wa inzi mdogo. Ukiona doa pana kama dirisha, na ndani mna kinyesi cheusi, tazama vizuri: kiwavi mwenyewe utamwona akitembea.