Kusaka Kadi Darasani: Njia ya Kuzoea Mafumbo ya Sehemu

Mtoto anayetumwa dukani kununua robo kilo ya sukari na nusu lita ya mafuta hurudi na vipimo sahihi. Mtoto huyohuyo akipewa fumbo la sehemu kwenye mtihani, huenda akajumlisha pale anapotakiwa kugawanya. Mara nyingi kinachomshinda ni kutambua fumbo linauliza nini. Udhaifu huo usiporekebishwa mapema humfuata hadi kwenye asilimia, uwiano na hesabu za sekondari.

Mchezo wa kusaka kadi unaweza kumsaidia. Mwalimu huandaa kadi na kuzibandika ukutani bila mpangilio. Juu ya kila kadi pana jibu la fumbo la kadi nyingine; chini pana fumbo jipya. Mwanafunzi hukokotoa, kisha husaka kadi yenye jibu lake. Mfano wa kadi tano ni huu:

Kadi A (juu: 45). Shamba lina ekari 12. Robo tatu yake imepandwa mahindi. Ni ekari ngapi?

Kadi B (juu: 9). Chupa ina nusu lita ya mafuta. Ikiongezwa robo lita, yatakuwa kiasi gani?

Kadi C (juu: 3/4). Ndoo ina lita 20 za maji. Zikitumika 3/5, zitabaki lita ngapi?

Kadi D (juu: 8). Kilo 6 za sukari zitajaza mifuko mingapi ya nusu kilo?

Kadi E (juu: 12). Theluthi ya wanafunzi wa darasa ni 15. Darasa zima lina wanafunzi wangapi?

Jibu la Kadi E ni 45, nalo humrudisha msakaji kwenye Kadi A. Kwa kuwa kadi hufanya duara, kila kikundi kinaweza kuanzia kadi tofauti, na msongamano ukapungua. Darasa likiwa dogo, kadi zibandikwe kwenye kuta za nje.

Faida kubwa ni kwamba makosa hujifichua yenyewe. Aliyegawanya 6 kwa 2 katika Kadi D atapata 3, wala hataiona kadi yenye 3. Itambidi asome upya. Aliyesahau neno "zitabaki" katika Kadi C atapata 12, ataruka hadi Kadi E, na kurudi mwanzo akiwa na kadi nne badala ya tano. Hapo mwalimu hutambua mara moja kosa lilipofanyika.

Kila kikundi kiandike njia katika daftari, si majibu pekee, na kabla ya kukokotoa kitamke kwa maneno yake kinachoulizwa. Baada ya mchezo, mwalimu ajadili na darasa zima kadi iliyowakwamisha wengi.

Wazazi na walezi nao wana nafasi yao. Kalenda za zamani na maboksi matupu yanatosha kutengeneza kadi. Yapelekeni shuleni badala ya kuyachoma. Nyumbani, mnapopima unga au kugawa viazi, mwulizeni mtoto: tumetumia sehemu gani, na imebaki sehemu gani? Akijibu, mwombeni aeleze amefikiaje jibu hilo. Mzazi asiyejua kukokotoa naye anaweza kuuliza swali hilo, na mtoto akajifunza kwa kueleza.