Kupanga Msimu wa Vitunguu Mang'ola: Hesabu Huanzia Sokoni, Hupimwa kwa Maji

*Wasomaji wanaolima kwa vikundi wametuuliza namna ya kupanga kazi za msimu. Mtaalamu wetu wa mipango ya kilimo anajibu.*

Tuko kumi na wawili, tumekodi ekari sita Mang'ola. Ratiba tuianzie wapi?

Anzieni mwisho. Vikundi vingi huanza kwa kuuliza trekta linapatikana lini, nami naona hapo ndipo msimu unapoharibikia. Tuseme mnataka vitunguu viwe vimekauka na viko kwenye magunia ifikapo tarehe 31 Oktoba, kabla mvua za vuli hazijavikuta shambani. Rudini nyuma: kukausha siku 10, kukomaa tangu kupandikiza siku 100 hivi, kupandikiza kwenyewe siku 7, miche kitaluni siku 45. Jumla ni siku 162, kwa hiyo mbegu inamwagwa kitaluni tarehe 22 Mei. Aina za Red Bombay na Mang'ola Red hazitakomaa siku moja, na baridi ya Julai nayo huchelewesha, basi ongezeni siku chache za tahadhari.

Je, kila kazi ikichelewa msimu mzima unachelewa?

Hapana, na kujua tofauti hiyo ndiyo nusu ya kazi. Mwaka 1957 wataalamu wa DuPont na Remington Rand huko Marekani walibuni hesabu ya kutafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana. Kazi iliyomo kwenye mfululizo huo ikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Kwenu ni zile nne nilizotaja. Kulima, kupiga haro na kukata majaruba huchukua kama siku 21, nanyi mna siku 45 wakati miche ikiwa kitaluni. Trekta likichelewa wiki mbili, msikose usingizi kwa hofu. Likichelewa zaidi ya siku 24, hapo shamba ndilo linaloshika usukani, na miche inazeeka kitaluni.

Zamu yetu ya maji hufika kila siku ya sita na hutosha ekari mbili. Tupandikize mbilimbili mpaka sita zitimie?

Naomba msome jibu hili wote kumi na wawili. Zamu ya kwanza mtapandikiza ekari mbili. Siku ya sita maji yanarudi, lakini miche ile ya kwanza nayo ina kiu: mizizi ya kitunguu ni mifupi, na jua la Bonde la Eyasi halina huruma. Mkiyapeleka maji kwenye ekari mbili mpya, za kwanza zinakauka. Mkizinywesha za kwanza, mpya hazipandwi. Hata mngekuwa na vibarua mia, zamu hiyo inalea ekari mbili tu.

Ratiba ya kazi peke yake haiwaonyeshi hilo, kwa sababu kwenye karatasi tarehe zote zinakaa sawa. Kwa hiyo kabla ya kumwaga mbegu, nendeni kwa kamati ya maji ya mfereji wenu muulize zamu ya Julai hadi Oktoba, siyo ya sasa. Chemchemi za Qangdend zinategemewa na wengi, na kiangazi kila mtu analilia maji. Msifikirie kuchepusha mfereji usiku. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka maji yatumiwe kwa kibali, na eneo hilo liko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Kati. Mbali na sheria, aliye chini ya mfereji ni jirani yenu. Kama zamu haiongezwi, limeni ekari mbili vizuri, nyingine muwaachie wenye maji.

Ugonjwa wa kinyaushi ukiua miche?

Mkianza upya siku ya ishirini, mavuno yanasogea siku ishirini na kuingia kwenye vuli. Mwageni mbegu kwenye vitalu viwili vilivyoachana, zaidi kidogo ya mnachohitaji. Mbegu ya kitunguu haihifadhiki muda mrefu, kwa hiyo nunueni mpya.

Na wanunuzi tuwatafute lini?

Majani yanapoanza kulala, siyo baada ya kung'oa. Maji yamekwisha kusimamishwa wiki mbili kabla ya kung'oa, kwa hiyo mna nafasi ya kuzungumza na madalali zaidi ya mmoja na kuagiza magunia. Kubalianeni mapema pia juu ya kipimo: lumbesa hairuhusiwi, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Siku ya kung'oa andikeni nani anakata shingo, nani anasimamia mzani na nani anaandika daftari, na huyo wa daftari asiwe yule anayepokea fedha.