Ukishapandikizwa uloto, usizizoee dalili

Mtoto mwenye selimundu aliyepandikizwa uloto wa nduguye anaweza kurudi nyumbani bila yale maumivu yaliyokuwa yakimlaza wodini, kisha baada ya miezi kadhaa akaanza kukataa pilipili, ndimu, hata chai ya moto. Wazazi hudhani anadeka. Huenda mdomo umekauka na una vidonda, na hiyo ikawa dalili ya kwanza kwamba seli za mchangiaji zinaushambulia mwili uliozipokea. Kwenye karatasi za hospitali ugonjwa huu huandikwa kwa herufi GVHD.

Aliyerudishiwa seli zake mwenyewe, kama wagonjwa wengi wa saratani ya mieloma, ugonjwa huu haumhusu. Kwa watu wazima waliopokea seli za mtu mwingine, aina yake sugu huwapata theluthi moja hadi nusu hivi, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza upandikizaji kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na wengine hurudi nyumbani baada ya kupandikizwa India. Kwa hiyo mganga wa karibu nawe huenda hajawahi kuuona ugonjwa huu. Wewe na jamaa zako ndio mtakaoziona dalili kwanza.

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi: tazama mabaka meusi au meupe, ngozi inayong'aa, inayokaza ukiishika, na viungo visivyonyooka. Macho huwasha na kukauka. Wanawake hupata ukavu na maumivu ukeni, na wengi hunyamaza kwa haya. Mwambieni daktari, dawa ipo.

Mapafu ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Njia ndogo za hewa hupata makovu, na kovu likishakomaa halirudi nyuma. Mwanzoni hakuna maumivu; mtu huanza tu kupumzika katikati ya ngazi alizokuwa akizipanda bila shida. Omba kupimwa nguvu ya pumzi kila baada ya miezi mitatu hivi katika mwaka wa kwanza, hata ukijiona mzima.

Tiba huanza na prednisoloni, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupunguzwa polepole kwa miezi. Usiikatize ghafla kwa kuwa uso umevimba au sukari imepanda: mwili ulioizoea unaweza kuzimia na ugonjwa ukarudi kwa kasi. Karibu nusu ya wagonjwa huhitaji dawa nyingine. Ruksolitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, baada ya utafiti wa wagonjwa 329 ambapo nusu hivi walipata nafuu katika wiki 24, dhidi ya robo ya waliopewa dawa nyingine. Zipo pia ibrutinibu na belumosudili. Ni dawa za gharama kubwa, basi uliza bei na bima mapema. Ukizitumia, acha balungi, na usinywe dawa ya fangasi wala ya mitishamba bila kumwambia daktari, maana baadhi huzidisha nguvu ya dawa mwilini.

Dawa hizi hupunguza kinga, na maambukizi ndiyo yanayoua wengi. Septrini, asikloviri na penisilini ulizoandikiwa za kujikinga zinywe hata kama huumwi. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, usichomwe mpaka daktari wa upandikizaji aruhusu. Ukitaka kusafiri, mwombe cheti cha msamaha wa chanjo. Juani funika ngozi, maana jua huweza kuuamsha ugonjwa.

Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Chukua karatasi yenye tarehe ya kupandikizwa, orodha ya dawa na simu ya kitengo kilichokupandikiza.