Pini ya Gereji Iliyomrudishia Mama Tyubu Zake

Nilimkuta mama sebuleni saa nane usiku, taa imezimwa, tyubu ya dawa ya magoti iko kati ya meno. Alikuwa ameuma mkia wa tyubu anavuta kichwa nyuma, dawa isogee mbele, na kiganja cha kushoto amekikinga chini. Aliponiona aliitoa mdomoni haraka, akaificha ndani ya kanga. "Sikutaka kuwaamsha," akasema.

Mama ana miaka 71, mtu wa Muheza. Mikono ile imekamua tui tangu kabla sijazaliwa. Nyumbani tulikuwa watoto saba, wageni hawakatiki, na kifumbu chake cha kukamulia nazi kilikuwa hakikauki. Baridi yabisi ilimwanzia kwenye vidole gumba, ikahamia vingine, na sasa hata kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili. Wiki tatu nzima alizokuwa ameshakaa kwangu Tabata, kumbe kila asubuhi alikuwa akimwita mwanangu mdogo bafuni: "Mume wangu, njoo uniminyie dawa ya mswaki." Nilikuwa nawasikia, nikidhani ni utani wao wa bibi na mjukuu. Siku ambazo mtoto aliwahi shule, mama alisukutua kwa maji ya chumvi akanyamaza.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaanza kutafuta kidude cha kukamulia tyubu, na nilichojifunza ndani ya mwezi mmoja nakiandika hapa kwa hatua, kwa sababu najua nyumba nyingi zina mzee anayemwita mjukuu bafuni.

Hatua ya kwanza: jua aina zake kabla hujatoa hela.

Mimi sikujua, nikaenda Kariakoo. Mtaa wa Kongo nikapata kidude cha plastiki chenye ufa katikati: unapitisha mkia wa tyubu kwenye ufa, unazungusha kama ufunguo, tyubu inajikunja. Shilingi 2,000, rangi ya waridi. Siku ya sita midomo ya ufa ilikuwa imetanuka kiasi kwamba tyubu inateleza ndani yake bila kukunjika hata kidogo. Nilikirudisha. Muuzaji akanitazama akasema nimekizungusha kwa nguvu. Nikamwambia kazi yake pekee duniani ni kuzungushwa. Akawageukia wateja wengine. Kilichoniuma zaidi ya zile hela ni kwamba mama alikuwa ameshafurahi. Siku ya kwanza alikuja kunionyesha mswaki wake umejaa dawa, ameipaka mwenyewe.

Nikajiambia tatizo ni bei ndogo. Nikaingia duka kubwa, lile la viyoyozi na vikapu vya magurudumu, nikanunua chenye vibiringo viwili. Hicho kinafanya kazi kama mashine ya juisi ya miwa: tyubu inaingia katikati ya vibiringo, unazungusha kitasa cha pembeni, dawa inasukumwa mbele. Shilingi 14,000. Kwa mikono yangu kilikamua vizuri mno, sina cha kulaumu. Lakini kitasa chenyewe ni kidogo kama kifungo cha koti, na huwezi kukizungusha mpaka ukibane kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole hivyo viwili ndivyo mama hana. Aliyekibuni hakumfikiria mtu mwenye viungo vibovu, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa "hata wazee wanakiweza". Sijui alimjaribisha mzee gani. Nilijaribu pia cha tatu, kile kinachobandikwa ukutani kwa mpira wa kunyonya, nacho kilianguka usiku wa kwanza, maana bafu letu halina vigae, ni saruji tupu, na mpira wa kunyonya haushiki kwenye saruji.

Hapa niingize jambo moja la kukusaidia kuelewa kwa nini kidude kinahitajika. Tyubu ya kwanza ya kukunjika iliundwa na mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, akaipatia hataza mwaka 1841. Kabla yake rangi za wachoraji zilifungwa ndani ya kibofu cha nguruwe. Tyubu ya Rand ilikuwa ya bati laini, na bati ukilikunja linabaki limekunjika. Ndivyo zilivyo hata zile tyubu ndogo za alumini, kama za dawa ya macho: ukishazikunja mkia hazirudi. Tyubu nyingi za dawa ya meno siku hizi ni plastiki, au plastiki iliyobandikwa na utando mwembamba wa alumini katikati. Plastiki ina kumbukumbu. Ukiiachia inafumka, inavuta hewa ndani, na dawa uliyoisukuma inarudi nyuma. Mtu mwenye vidole vizima anaminya tena bila hata kugundua. Mama alikuwa anaanza upya kila siku, asubuhi na usiku.

Hatua ya pili: nenda gereji.

Hii sikuipanga. Nilipita kwa fundi wa malori kona ya mtaa wetu kuulizia jambo jingine kabisa, nikamwona anapaka ile gundi nyekundu ya gasketi inayokuja kwenye tyubu. Mkia wa tyubu ameuchomeka kwenye pini ya chuma, anazungusha, gundi inatoka mstari mmoja ulionyooka. Ni ile pini yenye miguu miwili na kitanzi kichwani, wanayoipitisha kwenye tundu ili nati isifunguke, kisha wanaikunja miguu. Nilisimama pale nikasahau kilichonipeleka.

"Fundi, hiyo umeitoa wapi?"

"Dada, hii si pini tu? Ziko tele."

Akanipa mpya tatu. Nikampa shilingi 1,000, akanirudishia nusu.

Pini hii inashinda vyote nilivyonunua. Miguu yake kwa ndani ni bapa, inabana mkia wa tyubu kama midomo. Mguu mmoja ni mrefu kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo unaanza kuutegesha huo juu ya tyubu halafu mwingine unaingia chini wenyewe. Haitanuki ovyo kama kile cha plastiki, maana imeundwa kushika nati za gari. Chagua ambayo miguu yake inazidi upana wa tyubu iliyolazwa. Kwa tyubu ya kawaida ya dawa ya mswaki sentimita nane zinatosha. Ikibana mno, ipanue kidogo kwa bisibisi. Ncha zipige msasa zisikwaruze. Ioshe kwa sabuni iishe grisi.

Halafu, na hili ndilo lililomfaa mama, kwenye kile kitanzi nilipitisha kipande cha penseli, nikakifunga kwa uzi kikae kama mkono wa bomba la maji. Sasa hazungushi kwa vidole. Anaweka kiganja juu ya penseli na kusukuma. Kadiri mkono unavyokuwa mrefu ndivyo nguvu inavyohitajika kidogo, kama spana.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, na nakuomba uisome polepole.

Siku ya kwanza ya pini nilichukua tyubu ya dawa ya magoti ambayo mama alikuwa ameandikiwa hospitali, mpya, imefunguliwa mara moja. Nikachomeka mkia, nikaanza kuzungusha kumwonyesha. Kifuniko kimefungwa. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mgumu, wa pili mgumu zaidi, nikaona fahari kwamba pini haipindi. Mzunguko wa tatu mshono wa mkiani ukapasuka. Dawa yote ikatoka kwa nyuma, juu ya kanga ya mama, juu ya godoro, juu ya mikono yangu. Tyubu nzima. Nilikaa sakafuni nikashindwa kusema. Ilikuwa tarehe 22, na anayejua mshahara anaijua tarehe hiyo.

Mama alichota ile dawa kwenye kanga kwa ukingo wa kijiko, taratibu, akaiweka kwenye kikopo kisafi. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe umekuwa ukiniona nakamua nazi miaka yote. Kifumbu unakisokota juu ya nazi?"

Ndipo nikaelewa. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anajua: nazi iliyokunwa unaishindilia kwanza chini, yote, mpaka sehemu ya juu ibaki ukindu mtupu. Hapo ndipo unapoanza kusokota, na unasokota ule ukindu mtupu, ukishuka kuifuata nazi. Ukisokota palipo na nazi, inatafuta njia ya kurudi juu, na kifumbu kinachanika. Tyubu ni kifumbu. Nilikuwa nimekunja palipo na dawa, kifuniko kimefungwa, dawa haina pa kwenda ila kwenye mshono.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Tyubu inalazwa ukingoni mwa sinki au mezani, kifuniko kimelegezwa bila kuondolewa. Mgongo wa chanuo unawekwa mkiani na kuburutwa kwenda shingoni, mara moja, mara mbili, kwa uzito wa mkono mzima na wala si wa vidole. Unaona sehemu ya nyuma inalala bapa kama karatasi. Hewa inatoka kwa mlio mdogo kwenye kifuniko. Hapo ndipo pini inachomekwa, na inazungushwa juu ya ile sehemu bapa tu. Unapofika penye uvimbe wa dawa, simama. Usiongeze hata nusu mzunguko. Kesho, chanuo tena, kisha pini inasogea. Pini kazi yake ni kuzuia dawa isirudi. Anayesukuma ni chanuo. Mimi nilikuwa nimevigeuza, na maelekezo yaliyokuja na kile cha waridi yalivigeuza vilevile: mchoro ulionyesha tyubu iliyojaa inakunjwa kuanzia mkiani bila kusukumwa kwanza.

Mama alikuwa wa kwanza kuifanya bila kosa. Alishika chanuo kwa ngumi, akaegemeza kiwiko, akaburuta. Mwili wake ulikuwa unaikumbuka kazi hiyo.

Ukishamaliza kukunja, pini inapenda kufumka. Ibane kwa kibanio cha nguo au mpira wa kufungia noti, usimamishe tyubu kwa kifuniko chake. Ifute maji, chuma kinashika kutu. Mengine ya usafi hayahitaji maelezo.

Kuna hili la dawa za hospitali, na ni la hatari kulisahau: tarehe ya kuisha muda mara nyingi imegongwa palepale kwenye mshono wa mkiani, sehemu ya kwanza kabisa kumezwa na pini. Kabla ya kukunja, inakili kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mwili wa tyubu karibu na shingo. Na tyubu ya dawa ya macho usiikate kwa mkasi kutafuta mabaki, hata kama umezoea kufanya hivyo kwenye dawa ya mswaki. Ikikatwa inaingia uchafu, na jicho si jino.

Kuhusu kuokoa dawa, kwa wanaouliza kama kweli inalipa: tulichukua tyubu ya Whitedent ambayo mume wangu alikuwa ameshaitupa kwenye ndoo, tukaipitishia chanuo na pini. Ilitupa miswaki 14. Naipenda Whitedent kwa sababu inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, lakini hesabu ingekuwa ileile kwa nyingine. Sitadanganya kwamba familia itatajirika kwa miswaki 14. Pini yangu imeshalipa gharama yake, basi, na kile cha shilingi 14,000 bado kinanidai.

Nilijaribu pia vidude vingine viwili: cha kutelezesha juu ya tyubu, na cha kujitengenezea kwa mwanzi uliopasuliwa. Cha kutelezesha kinaachia tyubu zikiwa na maji. Cha mwanzi kinashika vizuri kwa tyubu nyembamba tu.

Mama amerudi Muheza. Pini moja ameining'iniza kwenye msumari jikoni, karibu na kifumbu, nyingine amempa jirani yake ambaye naye mikono imekataa. Nilipompigia Jumapili sikumuuliza kuhusu magoti. Nilimuuliza nani anamminyia dawa ya mswaki. Akajibu, "Animinyie nani, na mimi nipo?"

Leo usiku, kabla hamjalala, mpe mzee wa nyumbani kwako tyubu yake aikamue wewe ukiwa umekaa hapo. Ukiona anaipeleka mdomoni, au anamwita mtoto, kesho pita gereji.