Mtoto Hakurogwa
Andiko: Yohana 9:1-3



Wanafunzi walipomwona kipofu walimuuliza Yesu nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili. Hapa Kenyenya bado tunauliza. Mtoto akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa manjano, tunaanza kumwangalia jirani.

Mimi nilisomea biashara, si udaktari, lakini nimeonyeshwa picha ya damu hiyo chini ya hadubini. Seli nyekundu yenye afya ni ya mviringo, imebonyea katikati, inapenya hata mshipa mwembamba kabisa. Hizi zingine zimepinda kama mundu. Zinakwama, damu haipiti, na hayo ndiyo maumivu. Ndiyo selimundu, ile tunaita sikoseli.

Mtoto hakurogwa, amerithi: jeni moja kwa baba, moja kwa mama. Mwenye moja tu kwa kawaida haugui. Tena mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba hiyo moja humkinga mtu na malaria kali.

Wazazi wote wawili wakiwa nayo, uwezekano ni 1 kati ya 4. Kwa kila mimba, jamani, si mtoto wa nne!

Vijana mnaoleta habari za uchumba ofisini, nitawauliza kama mmepima. Sitaki kuwatenganisha; mjue tu.

Na yule mama aliyeacha ibada kwa sababu ya maneno yetu, Jumatano mimi na wazee tunaenda kumwomba msamaha. Anayekuja, tukutane kanisani saa kumi.