Ndizi za Kukaanga Zisizodhuru Mwili

Nyumba nyingi za Malindi na Kilifi hupenda ndizi mbivu za kukaanga, hasa wakati wa futari. Je, wazikaanga vipi?

Chagua mzuzu au mkono wa tembo ulioiva hadi ganda likaingia madoa meusi. Hapo wanga mwingi umekwisha kugeuka sukari, kwa hivyo usiongeze sukari nyingine. Menya, kisha kata vipande vya mshazari, unene wa kidole.

Mafuta yapate moto kwanza. Tia kipande kimoja. Kikitoa povu pembeni mara moja, tia vingine. Mafuta yakiwa baridi, ndizi huyanywa. Yakifuka moshi, yameanza kuharibika. Geuza, epua zikiwa rangi ya dhahabu, uzichuje kwenye chujio. Usizitandaze juu ya gazeti, hata hili: wino si chakula.

Mafuta yaliyogeuka meusi yatupe, usiyarudie kesho.

Mwenye kisukari asisahau kwamba ndizi hizi ni wanga na sukari. Akila vipande vichache, apunguze wali au chapati katika mlo uo huo.