Kano za Mkono: Kushona ni Nusu ya Kazi



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia jeraha ambalo wengi wetu hulidharau kwa kuwa ni dogo, yaani kukatwa mkononi. Mkoani kwetu Dodoma visa vya namna hii haviishi. Mmoja hukatwa na kisu akivuna uwele, mwingine na mkasi wa kupogolea zabibu kule Hombolo au Mpunguzi, mwingine na bati, panga au kipande cha chupa. Jeraha linashonwa, linapona, na kovu lake ni dogo tu. Lakini kidole hakikunjiki tena. Watu husema, "Mshipa ulikatika, basi tena." Somo letu la leo ni kwamba si lazima iwe hivyo, mradi mambo mawili yafanyike: kano itambuliwe mapema, na mazoezi yafuatwe mpaka mwisho.

1. KANO NI NINI?

Sisi huita vitu vingi kwa jina moja la "mshipa". Tuvitenganishe. Mshipa wa damu hupitisha damu. Mshipa wa fahamu hupeleka habari, ndio unaotufanya tuhisi moto na baridi. Kano ni kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Aliyewahi kupika makongoro anaijua kano. Watoto nao wanaijua: wakipata mguu wa kuku uliokatwa, huvuta uzi mweupe unaochungulia, na kucha zote zikajikunja. Mkono wa mwanadamu hufanya kazi vivyo hivyo.

Vidole vyetu havina misuli ndani yake. Misuli mikubwa inayovikunja na kuvinyosha iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha chezesha vidole. Utaihisi misuli ikicheza.

2. KANO ZIMEPANGWAJE?

Upande wa kiganja ziko kano za kukunja. Kila kidole kati ya vinne kina kano mbili: moja huishia kwenye pingili ya kati, nyingine hufika pingili ya mwisho yenye ukucha. Kidole gumba kina kano moja ndefu ya kukikunja. Jumla ni kano tisa, nazo zote hupita katika njia moja nyembamba kwenye kifundo cha mkono, pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Ndiyo maana jeraha la hapo ni la kuogopwa hata likiwa fupi.

Ndani ya kidole, kano hupita katika ala yenye utelezi, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mpira wake. Waya ukipata kutu, breki hushika. Kano nayo ikigandamana na ala yake, kidole hukakamaa.

Upande wa nyuma wa mkono ziko kano za kunyosha. Hizo ni bapa na nyembamba, na ngozi inayozifunika ni kidogo sana, hivyo hukatika kwa urahisi.

3. PIMA SIKU ILE ILE

Kwanza huduma ya kwanza. Bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya moyo. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Damu ikipungua, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usitie udongo, majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Ukifika kwenye matibabu, ulizia sindano ya pepopunda.

Kisha chunguza mambo matatu, bila kutumia nguvu:
(a) Je, kila kidole kinakunja ncha yake na kiungo cha kati?
(b) Je, kila kidole kinanyoka?
(c) Je, ncha ya kila kidole inahisi ikiguswa pande zote mbili?

Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, mwambie mganga kabla hajashona ngozi, na muombe rufaa. Hata kama kidole kinacheza lakini kwa maumivu makali, sema. Huenda kano imekatika nusu, na nusu iliyobaki yaweza kukatika baadaye. Kwa sisi wa Dodoma, pa kupelekwa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Safari hiyo ifanyike ndani ya siku chache. Tusingoje mavuno yaishe. Kano iliyokatika hurudi nyuma kama mpira uliokatwa, na baada ya wiki tatu hivi msuli umefupika na ala imejaa kovu. Hapo mara nyingi daktari hulazimika kuazima kano mahali pengine, na pengine kufanya upasuaji mara mbili. Ukitaka kuiona kano anayoweza kuiazima, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo. Kamba itasimama katikati. Watu wengine hawanayo, na hawapungukiwi na nguvu yoyote.

4. BAADA YA KUSHONWA

Zamani madaktari waliogopa kabisa kuzishona kano zilizokatika ndani ya kidole, kwa sababu ziligandamana. Katika miaka ya 1960, Dk. Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha kwamba zinaweza kushonwa mapema na zikapona vizuri, ikiwa kidole kitachezeshwa kwa utaratibu tangu siku za mwanzo. Hapa pana hatari mbili: kano ikitulia mno hugandamana, ikivutwa mno hukatika. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayekuongoza katikati ya hatari hizo. Usitoke hospitali kabla hujaonana naye.

Kwa kano za kukunja, utaratibu wa kawaida huwa hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 6: Mkono huvaa banzi upande wa nyuma, mchana na usiku. Kwa mkono mzima, kunja polepole kidole kilichoumia hadi kiganjani, kisha kinyoshe chenyewe mpaka kiguse banzi. Fanya mara 10, kila saa au kila saa mbili, kama ulivyoelekezwa. Usishike wala kuinua kitu chochote.

Karibu wiki ya 4, ukiruhusiwa: Kunja vidole vyenyewe bila nguvu, kwanza kama kucha za paka, kisha ngumi kamili, kisha ngumi bapa ambayo ncha zimenyooka.

Wiki ya 6 hadi ya 8: Banzi huondolewa. Shika pingili ya kati isisogee, halafu kunja ncha peke yake.

Wiki ya 8 hadi ya 12: Kamua sponji laini, shika kikombe. Ndoo bado.

Baada ya wiki ya 12: Jembe, ndoo na panga, kidogo kidogo.

Kano za kunyosha zina utaratibu wake. Kwa mfano, ncha ya kidole ikiinama na kukataa kunyooka, hufungwa ikiwa imenyooka kwa wiki sita hadi nane, wala haitakiwi kuinama hata mara moja. Ikiinama, hesabu huanza upya.

5. HATARI YA WIKI YA PILI

Katika wiki mbili au tatu za kwanza kano huwa dhaifu mno, maana ni uzi tu unaoishikilia. Lakini wakati huo huo maumivu yamepungua, na mgonjwa anajiona mzima. Anavua banzi ili aoge, anachota maji, anajaribu jembe. Mara anasikia kitu kimekatika. Ikitokea hivyo, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa familia inahusika. Aliyekatwa Januari wakati wa palizi hatalima tena kabla ya Aprili. Akiona magugu yanameza mtama wake, atavua banzi. Basi baba, mama, watoto na majirani wa jumuiya tugawane palizi yake. Siku mbili za kumlimia zaweza kumwokolea mkono wa maisha.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kano na mshipa wa fahamu?
2. Mtoto akikatwa kidole leo, tutapima mambo gani matatu?
3. Kwa nini kidole kilichoshonwa hakiachwi kimetulia tu?
4. Je, jirani yetu yupo mwenye banzi mkononi, na shamba lake liko katika hali gani?

Tuonane mwezi ujao.